Nimemlilia mbwa wa bosi kuliko nilivyomlilia baba. Nina kasoro gani?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mlinzi wa nyumba Mbezi Beach, nina miaka 41, kwetu Newala. Hapa nina miaka saba na zamu yangu ni ya usiku. Tulikuwa na mbwa wa bosi, anaitwa Kamanda, German Shepherd aliyechanganyika na mbwa wetu wa kawaida. Mchana anafungwa bandani, saa kumi na mbili jioni namfungua, tunalinda wote mpaka kunakucha. Chakula chake nilikuwa napika mimi.

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, alikataa kula. Ijumaa akawa wa kulala tu. Jumamosi nikaona mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, nikampigia bosi. Alikuwa Dodoma, akasema mpe maziwa, daktari atakuja Jumatatu. Daktari alipokuja akasema ni ugonjwa wa kupe, damu imekwisha. Akamtundikia dripu. Jumanne alfajiri akafa miguuni kwangu. Bosi akaagiza nimtie kwenye kiroba wamchukue watu wa gari la taka. Sikuweza mama. Nilimzika nyuma, karibu na ukuta.

Tangu siku hiyo usiku nasikia kucha zake kwenye vigae vya baraza. Nikisonga ugali najikuta nimesonga wa wawili. Mwenzangu wa zamu ya mchana ananicheka. Msikitini kuna mtu kaniuliza unaliliaje najisi. Mke wangu yuko Newala. Nilipomweleza kwa simu akaniuliza, mbona mzee alipofariki mwaka jana hukulia hivi? Na kweli. Baba alifariki nikiwa lindoni, nikatuma hela, mazishi sikuyawahi, na sikulia. Sasa bosi kaleta mtoto wa mbwa anataka nimlee, nami hata kumtazama siwezi. Nina kasoro gani?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nakupa pole ile ile ninayompa kila aliyefiwa anayekuja kuketi mbele yangu, wala sijaipunguza kwa kuwa aliyekufa ni mbwa. Huna kasoro. Ila barua yako imebeba misiba miwili na lawama moja, na vyote vimefungwa kwenye furushi moja mpaka huoni kipi kinakuumiza wapi. Tuvifungue.

Nianze na Kamanda mwenyewe. Kiumbe hatuzoei kwa sababu ya thamani yake wala cheo chake. Tunamzoea kwa kuwa yupo karibu, kila siku, na kwa kuwa akiwepo tunajiona salama. Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jambo hilo: ukaribu na usalama ndivyo vinavyofunga nyoyo, na vikikatika mwili mzima unashtuka. Wewe ulikaa na Kamanda saa kumi na mbili kila usiku kwa miaka saba. Mkeo hajapata saa hizo. Bosi wako hajapata hata sehemu yake ndogo. Wakati Mbezi nzima imelala, mliokuwa macho ni wewe na yeye.

Na alikuwa akikufanyia kazi ambayo nadhani hujawahi kuihesabu. Sikio la binadamu hukoma kwenye sauti za hezi kama 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa huvuka hezi 40,000, tena hudaka mnong'ono wa mbali ambao wewe hauupati kabisa. Maana yake ni kwamba miaka yote hiyo ulikuwa ukilinda kwa masikio yake. Kamanda akilaza masikio, ulijua geti lina amani. Akiyasimamisha, ulishika tochi. Sasa kila jani linaloanguka ni lazima ulisikilize mwenyewe. Uchungu wako una woga ndani yake, na woga huo una sababu. Usione haya kuukiri.

Huko ndiko zinakotoka kucha unazozisikia barazani. Ubongo uliokwisha kuzoea sauti fulani saa fulani huendelea kuingoja, na kimya kikiwa kirefu huijaza wenyewe. Nimewasikia wajane wakisimulia kikohozi cha marehemu mume chumbani, nimemsikia mama aliyesikia geti likifunguliwa saa ya mwanawe kurudi shule. Ni hali ya kawaida kwa waliofiwa, na mara nyingi hupungua pole pole bila dawa. Kwako inazidishwa na usingizi. Anayelala mchana hulala kidogo na kijuujuu, kwa sababu mwili huongozwa na mwanga, na mtu mwenye deni la usingizi husikia na huona zaidi ya kilichopo. Tundika kitambaa kizito dirishani unapolala. Ukinywa kahawa au chai ya rangi kukesha, kikombe cha mwisho kisipite saa nane usiku, maana kafeini, ile inayofukuza usingizi kwenye vinywaji hivyo, huchukua kama saa tano kupungua nusu yake mwilini. Ukinywa saa kumi na moja alfajiri ili umalizie zamu, umeufukuza usingizi wa asubuhi mwenyewe. Na mzunguko wako wa usiku ubadilishe. Kama mlikuwa mkianzia getini, sasa anzia nyuma. Ni jambo dogo, lakini miguu ikipita njia ile ile kwa mpangilio ule ule, moyo nao unamngoja yule yule kwenye kona ile ile.

Ugali wa wawili usikutishe. Mikono haijaambiwa bado.

Sasa kucheka kwa mwenzako. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alieleza aina ya huzuni ambayo jamii haimpi mtu ruhusa ya kuwa nayo. Mtu amepoteza, lakini walio karibu hawakihesabu alichopoteza, au hawamhesabu yeye kuwa mfiwa. Tazama tunavyofanya hapa Dar mtu akifa mtaani. Saa haipiti, turubai limefungwa, viti vya kukodi vimeshuka, daftari la rambirambi limefunguliwa, kina mama wako jikoni. Hakuna anayekuuliza kwa nini unalia. Asiyelia ndiye anayeulizwa. Hata yule asiyemjua marehemu hufika, akakaa, akaondoka, na kukaa kwake tu kumekutua mzigo. Huzuni inataka shahidi. Wewe ulizika usiku peke yako, ukanawa mikono, ukarudi getini.

Tena kwako kuna jingine, nami nalisema kwa uchungu kwa kuwa naliona kila mara. Mbwa hakuwa wako. Kwenye nyumba nyingi za Mbezi, Masaki na Oysterbay, mbwa ana mwenyewe anayelipa na ana mwenyewe anayempikia, na hao ni watu wawili. Akifa, pole anapewa anayelipa. Ni yale yale yanayomfika dada wa kazi aliyelea mtoto wa watu tangu hajaota meno, kisha jioni moja anaambiwa kesho usije, na hakuna anayefikiri kwamba dada yule amenyang'anywa mtoto. Mapenzi ya mfanyakazi hayaandikwi kwenye mkataba, kwa hiyo yakivunjika hakuna anayeyaulizia. Lakini yapo, na maumivu yake ni ya kweli.

Basi tafuta mashahidi, nao wako jirani kuliko unavyodhani. Walinzi wa nyumba za kulia na kushoto wanamjua Kamanda. Wamemsikia akibweka miaka yote, huenda mmoja wao aliwahi kufukuzwa naye. Hao hawatakucheka. Wasimulie alivyokufa. Waache nao wasimulie ya kwao. Halafu, kwa kuwa usiku wako sasa una woga, kubalianeni kumulikiana tochi kila baada ya muda. Utakuwa umepata masikio mengine, na utakuwa umepata watu wa kuongea nao. Yule wa zamu ya mchana muache. Yeye alimjua mbwa aliyefungwa bandani. Wewe ulimjua aliyefunguliwa.

Kuhusu aliyekukemea msikitini: mimi si shekhe, na hukumu za dini waulize wenye elimu yake. Ila tuliosoma madrasa tunayajua haya. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya twahara, inahusu nguo yako na chombo chako. Huruma ina mlango wake. Tumesomeshwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Tumesomeshwa pia kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa kufugwa, na wanazuoni wengi wamemhesabu wa ulinzi pamoja nao.

Lipo jingine ambalo halitajwi sana, nami nalipenda. Anas bin Malik amepokea kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kindege akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza, akaambiwa sababu. Hakumwambia ni ndege tu. Alimwita kwa jina lake la heshima kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Mtume mzima, pamoja na yote aliyokuwa amebeba, alipata nafasi ya kumuulizia mtoto kiumbe chake kilichokufa. Huyo ndugu wa msikitini angefanya vyema kukuuliza hivyo hivyo.

Hitma usimsomee wala usimwekee arobaini. Hayo ni ya wanadamu na yana maana yake. Kumzika kwako kunatosha, na ulifanya jambo jema. Kama shimo lilikuwa la kina kinachofika kama mita moja na haliko karibu na kisima, hakuna unayemdhuru.

Sasa tuje kwenye lawama, maana naiona hata hujaitaja kwa jina. Umeniandikia siku kwa siku: Alhamisi hivi, Ijumaa hivi, Jumamosi hivi. Mtu anayeandika hivyo amezirudia siku hizo kichwani usiku kucha akitafuta alipokosea.

Ugonjwa uliotajwa na daktari hufanya kazi hivi. Kupe akimuuma mbwa humwingizia vijidudu, navyo huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mwanzoni dalili ni homa, kukosa hamu ya kula na kulala sana. Mbwa wa Dar siku ya joto kali hufanya hivyo hivyo, na mbwa aliyekula kitu kibaya jalalani hufanya hivyo hivyo. Mkojo huwa wa kahawia pale ambapo chembe zilizopasuka zimekuwa nyingi mpaka rangi yake inachujwa na figo na kutoka nje. Kwa hiyo ile Alhamisi hukuwa na cha kukuambia kwamba ni jambo kubwa. Jumamosi ulipata alama ya kweli, na Jumamosi hiyo hiyo ulipiga simu.

Sitakudanganya kwamba siku mbili zile hazikuwa na maana. Ugonjwa huu una dawa, na dawa ikichomwa mapema mbwa wengi hupona. Jumamosi nafasi yake ilikuwa kubwa kuliko Jumatatu. Lakini tenganisha kilichokuwa mikononi mwako na kisichokuwa. Kuona kulikuwa kwako, ukaona. Kutoa taarifa kulikuwa kwako, ukatoa. Kumwita daktari na kumlipa hakukuwa kwako. Ukibeba lawama ya uamuzi ambao hukupewa, unabeba mzigo wa mtu mwingine, na mzigo wa namna hiyo hauishi kwa kutubu kwa kuwa aliyetenda si wewe.

Fanya hivi: mpigie yule daktari wa mifugo. Muulize alipomkuta Jumatatu damu yake ilikuwa imefikia wapi, na muulize kama kwa alivyomwona alidhani atapona. Jibu linaweza kuuma, lakini maswali yenye jibu huchosha kidogo kuliko yasiyo na jibu. Hili nawaambia na wengine waliofiwa na wanyama na hawajui kilichowaua: ulizeni mapema. Hapa Temeke yako makao ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, inayopima magonjwa ya wanyama, na daktari wa mifugo wa manispaa anaweza kukuelekeza namna ya kupeleka sampuli.

Wenye mbwa mnaonisoma, mkiona anakataa kula, mfunue mdomo mtazame ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Ukiwa mweupe, hiyo si ya kungoja Jumatatu. Na kama mbwa amekufa baada ya kubadilika tabia, kuuma ovyo au kutokwa mate bila kuacha, jambo limekuwa jingine kabisa: msimguse kwa mikono mitupu, mwite afisa mifugo, na aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Ya Kamanda hayakuwa hayo, na wewe kwa kumpakata hukupata ugonjwa wake.

Ukiacha lawama, kuna hasira. Alisema mpe maziwa. Alisema mtie kwenye kiroba. Nawe huwezi kumjibu, kwa kuwa mshahara unatoka kwake na watoto wako Newala wanakula kwa mshahara huo. Hasira isiyoweza kwenda juu hushuka chini, na chini yako aliyebaki ni huyo mtoto wa mbwa. Ndiyo maana huwezi kumtazama. Sikuambii umpende. Mpe maji, mpe chakula, mfungue, mfunge, basi. Mapenzi yakija yatakuja kwa wakati wake, yasipokuja utakuwa umetimiza kazi. Usimwite Kamanda, hata bosi akitaka. Mwambie kwa adabu kwamba huyu apewe lake.

Ila kuna jambo moja kuhusu mtoto huyo haliwezi kungoja, nalo litakupa mahali halali pa kuipeleka hasira yako. Kupe wanaomkaa mbwa hawaishi mwilini mwake muda wote. Jike akishiba hushuka, huingia kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda, na hutaga mayai kwa maelfu. Kupe mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula akingoja mbwa apite. Kwa hiyo waliomwua Kamanda huenda bado wako kwenye banda ambamo mtoto huyu analala. Mwendee bosi akiwa ametulia, si usiku na si kwa meseji, umwambie: "Bosi, Kamanda aliondoka na ugonjwa wa kupe, na banda bado lina kupe. Naomba hela ya dawa ya kupulizia banda na ya kumwogesha huyu mdogo. Na naomba namba ya daktari, ikitokea dharura ukiwa safarini nimpigie mwenyewe." Hayo ni maneno ya mlinzi anayejua kazi yake. Akikubali hilo la mwisho, Jumamosi nyingine ikija hutakuwa na mikono iliyofungwa. Mkumbushe na chanjo: za utotoni huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa huchomwa afikishapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka.

Nimekuja polepole mpaka hapa kwa sababu la baba ndilo kubwa.

Machozi si mzani wa mapenzi. Mtu hulia pale anapopata nafasi ya kulia. Baba yako alipofariki ulikuwa lindoni, huna wa kukupokea zamu, na safari ya Newala ni ya kutwa nzima na zaidi. Waislamu hatuweki maiti, ulijua hutawahi. Ukafanya linalofanywa na mtoto wa kiume aliye mbali: ukatafuta hela, ukatuma, ukapiga simu kuuliza sanda, ukauliza mchele umetosha. Aliyeshika mambo hayo halii, kwa sababu akilia mambo yatakwama. Kisha asubuhi ikafika, ukaenda kulala, jioni ukarudi kazini. Msiba ukapita kwenu, kwako haukupita.

Naomba nikuulize. Usiku ule ulipopokea simu, nani alikuwa nawe kibandani?

Nadhani tunalijua jibu. Katika Dar nzima, aliyekuwepo wakati unaambiwa baba yako amefariki ni Kamanda. Kama ulisema neno kwa sauti, ni yeye aliyelisikia. Kama ulikaa kimya mpaka alfajiri, alikaa kimya nawe. Mbwa yule ndiye aliyekaa nawe matanga ya mzee. Sasa ameondoka naye, na msiba wa kwanza umetoka ulikokuwa umejificha. Unapomlilia Kamanda unamlilia na baba, kwa mkupuo mmoja. Hujamkosea mzee kwa lolote. Umechelewa tu kumlilia, na kuchelewa huko kulikuwa kwa ajili ya kazi iliyolisha familia yake.

Kwa hiyo nakushauri uende nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, na ikaweka pia siku nne za malipo kwa aliyefiwa na mzazi. Zile nne za mwaka jana hukuzitumia. Za mwaka usiziache. Bosi hahitaji kujua habari za mbwa. Mwambie hukuwahi mazishi ya baba na unataka kuzuru kaburi, hakuna muungwana atakayekujibu vibaya. Ukifika, kaa na mama, muache akusimulie mzee alivyoumwa na alivyoaga. Muulize aliyemwosha. Muulize aliyeshuka kaburini. Habari hizo ulizikosa, na bila hizo kifo cha baba yako kimebaki ujumbe wa simu.

Utasikia watu wakisema huzuni ina hatua tano na lazima uzipande moja moja. Aliyezileta hatua hizo mwaka 1969, daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, alikuwa akiongea na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na waliofiwa hawafuati ngazi yoyote. Mimi huwaelekeza wateja wangu kwenye maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa huzuni wa Uholanzi, waliofafanua mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: leo amezama kwenye msiba, kesho amezama kwenye kazi na maisha, keshokutwa amerudi tena. Kwenda na kurudi huko ndiko kupona kwenyewe. Kwa hiyo siku walinzi wenzako watakapokuchekesha na ukacheka kwelikweli, usijione umemsaliti mtu.

Kuna hali ambazo hazifai kungojwa. Ukiona wiki zinapita hulali kabisa hata mchana, huli, umeanza kunywa ili upate usingizi, sauti unazosikia zimegeuka maneno yanayokuamrisha, au unawaza kufa, nenda hospitali mara moja. Kwa upande wako ipo Mwananyamala; ulizia idara ya afya ya akili au ofisi ya ustawi wa jamii. Muhimbili nako wapo. Na kwa upande wa baba, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: uchungu wa kufiwa na mtu ukivuka miezi sita bila kulegea, na umemzuia mtu kufanya kazi na kuishi na wenzake, unahitaji tiba. Wewe kazini unakwenda na watu unaongea nao, kwa hiyo sioni umefika huko. Nakutajia ili ujue mlango ulipo.

Mwisho ni mkeo. Swali lake limekuchoma, nawe umelisikia kama hukumu. Mimi nilipolisoma nilisikia kitu kingine. Baba yako alipofariki, aliyekuwepo ni yeye. Yeye ndiye aliyewasha moto wa jikoni la msiba, akapokea wageni, akajibu mara ngapi sijui alipoulizwa mumeo yuko wapi. Alimzika baba mkwe kwa niaba yako. Anapokuuliza mbona hukulia, huenda anauliza mbona aliachwa na msiba ule peke yake. Usimjibu habari za mbwa kwanza. Msimulie usiku ulipopokea ile simu: ulikuwa umesimama wapi, ulifanya nini baada ya kukata, ulipitaje mpaka asubuhi. Kamanda atajitokeza mwenyewe ndani ya masimulizi hayo, na safari hii mkeo ataelewa alikuwa nani kwako. Kisha mshukuru kwa ile kazi, kwa maneno kamili.

Tarehe ya safari panga naye, usimpangie. Ukienda Oktoba mpaka Desemba, Newala wako kwenye korosho, asubuhi mpaka jioni watu wako mashambani na hutampata wa kukaa naye. Kama bosi atakuruhusu, nenda kabla msimu haujaanza.